Mwimbaji Hayupo, Waitikiaji Wapo: Tahakiki ya Mapenzi kwa Rekodi za Maonyesho

Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo wahakiki wetu wamezoea kuyapita kando ni mapenzi ya wasikilizaji. Tunauhakiki wimbo, tunamhakiki mwimbaji, tunapima fani na maudhui. Lakini yule anayeununua wimbo huo, anayeuhifadhi miaka 30 na kuujua hadi mahali mwimbaji anapovuta pumzi, tunamwita shabiki na kumwacha hapo. Katika makala haya tunakusudia kumrudia msikilizaji huyo. Tunauliza: mtu anapoipenda rekodi ya onyesho la hadhara kuliko rekodi iliyosafishwa studioni, na anapomlilia mwimbaji ambaye hakupata kumwona kwa macho, anapenda nini hasa? Je, mapenzi hayo yaweza kuhakikiwa kama tunavyoihakiki kazi yenyewe?

Swali hili si geni Kampala. Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, jiji hili humrudia mwimbaji mmoja. Philly Bongoley Lutaaya alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38, lakini nyimbo zake za Krismasi alizoziimba kwa Kiganda, kama vile Zukuka na Tumusinze, husikika madukani, ndani ya teksi na redioni kana kwamba zimetolewa juzi. Vijana wanaoziimba leo walizaliwa baada ya kifo chake, na baadhi yao hata wazazi wao walikuwa watoto wadogo alipokufa. Hawakumwona jukwaani. Hata hivyo wanajua pa kuingilia, pa kunyamaza, na pa kupaza sauti.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mazoea tu, na kwamba msomi hana haja ya kupoteza wino wake juu ya kelele za sikukuu. Wapo pia, upande wa pili, wapenzi wa muziki wanaoona kila neno la uhakiki juu ya kipenzi chao kuwa ni tusi. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Hoja yetu ni kwamba ushabiki ni namna ya kuitikia, na kuitikia kuna wajibu wake. Anayeitikia nusu ya wimbo na kuinyamazia nusu nyingine hajampenda mwimbaji sawasawa, hata akiitikia kwa sauti kubwa namna gani.

Fanani, hadhira na mtambo

Walimu wa fasihi simulizi hawahitaji kukumbushwa kwamba sanaa ya mdomo husimama juu ya mafiga matatu: fanani, hadhira, na tukio lenyewe, yaani mahali na wakati ambapo fanani na hadhira hukutana. Ukiondoa figa moja, chungu kinaanguka. Ni hapa Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambapo marehemu Pio Zirimu alibuni istilahi ya Kiingereza ya kuitaja sanaa hii kwa heshima yake yenyewe, isionekane kuwa ni kijitawi cha maandishi. Austin Bukenya, ambaye walimu wengi wa Kiswahili wa Afrika Mashariki wanamfahamu kama mwalimu mwenzao, alishirikiana naye katika kuijenga fikra hiyo. Kwa wasomi hawa, utendaji si pambo la matini. Ndio uhai wake.

Sasa tuuchukue mzani huo tuupimie muziki uliorekodiwa. Rekodi ya studio huwa na fanani, lakini hadhira haipo, na tukio limekatwa vipande vipande: ngoma leo, magitaa kesho, sauti wiki ijayo. Fundi huviunganisha vipande hivyo, akafuta kikohozi, akarekebisha noti iliyopotoka. Kazi inayotoka huenda ikawa safi kabisa, lakini ni usafi wa barua iliyonakiliwa mara kumi. Rekodi ya onyesho ni kitu kingine. Ndani yake tunasikia watu. Tunasikia mwimbaji akichoka, akicheka, akisahau neno na kuokolewa na waitikiaji. Ni kweli kwamba mtambo hauwezi kuhifadhi tukio zima; joto la uwanja, harufu ya vumbi na miguu inayouma havishiki katika utepe. Lakini unahifadhi ushahidi kwamba mkutano ulikuwapo.

Mfano ulio wazi kuliko mingine twaupata katika muziki wa roki, na kwa bahati njema mfano huo unatoka karibu na kwetu. Mwimbaji ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa wazazi wa Kiparsi, akaitwa Farrokh Bulsara. Alisomeshwa India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, alihamia Uingereza pamoja na jamaa zake. Hatutaki kumdai kuwa ni mwimbaji wetu kwa sababu tu kitovu chake kilizikwa Unguja. Hakuimba kwa Kiswahili na muziki wake haukutokana na taarabu. Tunamleta hapa kwa sababu wapenzi wa bendi yake, Queen, ni kielelezo kizuri cha shauku tunayoizungumzia.

Bendi hiyo ilitoa sahani mbili za maonyesho mwaka 1979 kwa jina la Live Killers, zilizorekodiwa katika ziara ya Ulaya mwanzoni mwa mwaka huo. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley mjini London, walipanda jukwaani kwa muda wa dakika 20 hivi katika tamasha la Live Aid, lililoandaliwa kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Mwaka uliofuata, tarehe 11 na 12 Julai 1986, walirudi katika uwanja huohuo kwa maonyesho yao wenyewe, na rekodi ya onyesho hilo ikatolewa mwaka 1992, baada ya mwimbaji kufariki. Onyesho lake la mwisho pamoja na wenzake lilikuwa Knebworth, tarehe 9 Agosti 1986.

Katika maonyesho hayo kuna jambo ambalo mwalimu wa fasihi simulizi atalitambua mara moja. Mercury husimama peke yake mbele ya umati, bila ala yoyote, akarusha kipande cha sauti kisicho na maneno. Umati unakirudisha. Anarusha kingine, kirefu zaidi, chenye mikunjo. Umati unajaribu, unakosea, unacheka, unarudia. Huo ni wito na mwitiko, kama ule wa nyimbo za makasia, nyimbo za kutwanga, na nyimbo zilizomo ndani ya ngano zetu ambapo mtambaji hukatiza hadithi ili wasikilizaji waibebe. Hapo hadhira imekuwa chombo cha muziki. Ukiiondoa, hakuna wimbo utakaobaki.

Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba kila kilichomo katika rekodi ya onyesho ni cha papo kwa papo. Wimbo wa Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975 una sehemu ya katikati iliyojengwa studioni kwa kupandanisha sauti juu ya sauti mara nyingi mno. Watu wanne wasingeweza kuiimba jukwaani. Basi walipofika hapo waliondoka jukwaani, kanda ikachezwa gizani, nao wakarudi baada yake. Vilevile Mercury mara nyingi alizibadili noti za juu alipoimba hadharani, ili kuitunza sauti yake ifike mwisho wa ziara. Wapenzi wake wanayajua yote haya, na hawampendi pungufu. Hukaa na rekodi tatu za wimbo mmoja, wakalinganisha usiku huu na usiku ule, wakaandika mahali noti ilipobadilika. Tunathubutu kusema kwamba kazi hiyo ni ileile ya mkusanyaji wa ngano anayelinganisha matini tatu za hadithi moja kutoka vijiji vitatu. Tofauti ni kwamba mkusanyaji hupewa shahada, na shabiki huambiwa kwamba anapoteza wakati.

Uhaba wa kanda na werevu wa waitikiaji

Turudi Kampala. Hapa hatuna rafu zilizojaa rekodi za maonyesho ya waimbaji wetu wa zamani, na sababu zake zinajulikana. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, vita vya mwaka 1978 na 1979, na vita vya Luweero vilivyokwisha mwaka 1986, kazi ya usiku ilikuwa hatari. Muziki wa dansi huishi usiku. Jiji lililojaa vizuizi vya barabarani haliwezi kukesha likicheza, wala fundi hawezi kubeba mitambo yake kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Rekodi nyingi za wanamuziki wa Uganda zilifanywa Nairobi, ambako kulikuwa na studio na mitambo ya kuchapisha sahani za santuri. Wanamuziki wenyewe wengi waliondoka nchini.

Lutaaya alikuwa mmoja wao. Alianza muziki mwishoni mwa miaka ya 1960, akapiga katika bendi mbalimbali nchini na katika nchi jirani, na mwaka 1984 akahamia Sweden. Huko ndiko ilikotengenezwa albamu yake iitwayo Born in Africa, na huko ndiko zilikorekodiwa nyimbo za Krismasi ambazo tunazizungumzia. Tafakari, ndugu msomaji, ajabu ya jambo hili. Nyimbo ambazo Kampala inaziona kuwa ni za Kampala kuliko zote zilirekodiwa katika nchi ya theluji, na mtu aliye ugenini, mbele ya mtambo. Kwa kipimo chetu cha mafiga matatu, zilizaliwa na figa moja tu.

Mafiga mawili yaliyobaki yaliletwa na wasikilizaji. Sahani na kanda zilipofika, watu walizipeleka kwenye harusi, sokoni, uani, kanisani. Kila Desemba zinapochezwa, hadhira inakusanyika tena: muuza nguo wa Kikuubo anaitikia huku akikunja bidhaa, abiria wa teksi wanaoelekea kijijini kwa sikukuu wanaitikia bila kujuana majina. Tukio linatokea, ingawa fanani hayupo. Wapenzi wa roki hupewa rekodi ya onyesho, wakaisikiliza kila mtu chumbani mwake. Wapenzi wa Lutaaya walipewa rekodi ya studio, wakaigeuza onyesho. Kwa maoni yetu, huu ni ubunifu wa hali ya juu, na wahakiki wanaoubeza hawajausikiliza vizuri.

Nusu iliyonyamaziwa

Lakini hapa ndipo uhakiki unapoanza hasa. Mwezi wa Aprili 1989 Lutaaya alirudi na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wakati huo ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuua watu wengi nchini. Shirika la TASO lilikuwa limeanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, wengi wao watu ambao ugonjwa uliwagusa moja kwa moja. Lakini mtu mwenye jina kubwa kama lake, kusimama na kusema ni mimi, hilo halikuwa limetokea Uganda. Wengi hawakumwamini. Walisema ni ujanja wa kuuza sahani. Naye akaendelea: akaenda mashuleni, akaenda makanisani, akasimama mbele ya wanafunzi huku mwili wake ukipungua, akaimba na kusema. Filamu ya habari iitwayo Born in Africa, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1990, imeihifadhi sehemu ya safari hiyo.

Kama tunatafuta rekodi ya onyesho la Lutaaya, basi ni hiyo. Hapo mafiga yote matatu yapo: fanani anayejua kwamba muda wake ni mfupi, hadhira ya vijana ambao nusu yao hawaamini, na mahali ambapo neno moja laweza kuokoa maisha ya mtu. Hakuna onyesho la roki, hata lile la Wembley na umati wake wa watu 72,000 hivi, lililokuwa na uzito wa namna hiyo.

Wimbo aliouacha kutokana na miezi hiyo unaitwa Alone. Ameuimba kwa Kiingereza. Ukiutazama kwa jicho la mhakiki utaona kwamba nguvu yake inatokana na mwendo wake. Unaanza na mtu aliyejitenga, mwenye hofu, anayejificha watu wasimwone. Kisha, bila kuacha huzuni, wimbo unatoka kwa mmoja kwenda kwa wengi: watu wanaitwa wasimame pamoja, wakiambiwa kwamba jambo hili halina mwenyewe, laweza kumfika yeyote. Yaani wimbo ulio na jina la upweke unaishia katika wito wa kuitikiwa. Umetungwa makusudi ili usiimbwe na mtu mmoja.

Na ndio huo hasa ambao hadhira yake haiuitikii sana. Mwezi wa Desemba Kampala humcheza Lutaaya wa furaha kutwa kucha, na Lutaaya wa 1989 akasubiri hotuba za maadhimisho. Tunasikia wakijitetea wapenzi wake: Krismasi ni wakati wa shangwe, nani atapeleka wimbo wa maradhi kwenye meza ya sikukuu? Hoja hiyo ina haki yake. Kila wimbo una mahali pake, na hata wazee wetu hawakuimba nyimbo za matanga harusini. Lakini Desemba si siku moja. Tarehe 1 ni Siku ya UKIMWI Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1988. Tarehe 15 ni siku aliyofariki yeye mwenyewe. Tarehe 25 ndiyo Krismasi. Mwezi huo una nafasi ya nyimbo zake zote, ukitaka kuitumia. Nchini Uganda karibu watu milioni 1 na nusu wanaishi na virusi vya UKIMWI leo. Dawa zipo, na wengi wanaishi maisha marefu, lakini kujificha na kunyanyapaliwa hakujakwisha. Basi wimbo huo haujawa kumbukumbu ya makavazi. Wapo wanaouhitaji usiku huu.

Mlinganisho na Mercury unatusaidia kuona uzito wa jambo lenyewe. Mercury naye aliugua ugonjwa huohuo. Alitoa tamko lake tarehe 23 Novemba 1991, akafariki siku ya pili yake. Hatumhukumu, kila mtu ana haki ya kufa faraghani, na magazeti ya Uingereza yalikuwa yakimwinda bila huruma. Tunachosema ni kwamba wapenzi wake walirithi siku moja ya ukweli na miaka mingi ya maonyesho. Wapenzi wa Lutaaya walirithi kinyume chake: maonyesho machache yaliyohifadhiwa, na miezi minane ya ukweli uliosemwa mchana kweupe. Huo ndio urithi wao mkubwa. Mrithi anayetandika zulia na kulisahau shamba hajajua alichoachiwa.

Kuna upungufu mwingine wa ushabiki ambao hatuna budi kuutaja, nao ni kumgandisha mwimbaji. Baada ya Mercury, wenzake wawili waliobaki jukwaani waliimba na Paul Rodgers, na baadaye na Adam Lambert. Kila mara baadhi ya wapenzi walikasirika kana kwamba kaburi limefukuliwa. Tunaielewa hasira hiyo, lakini hatuiungi mkono. Katika sanaa ya mdomo wimbo si mali ya koo moja. Afrigo Band ya Kampala, iliyoundwa mwaka 1975 na ikadumu chini ya Moses Matovu, ni mfano mwema wa kinyume chake. Waimbaji wameingia na kutoka. Joanita Kawalya, binti wa mwanamuziki mkongwe Eclas Kawalya, amekuwa nguzo yake. Rachael Magoola, aliyepata sifa kubwa kwa wimbo wa Obangaina akiwa na bendi hiyo, aliondoka, na watu wakaendelea kumpenda yeye na kuipenda bendi pia. Hakuna aliyelazimishwa kuchagua. Hadhira ya namna hiyo imekomaa: inakumbuka bila kufunga mlango.

Kazi iliyo mbele ya walimu

Msomaji ataweza kuuliza, haya yanahusu nini darasa la Kiswahili? Yanahusu sana, hasa katika Uganda. Kiswahili hapa kimepitia misukosuko. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya kijeshi, na kwa miaka mingi baada ya hapo kikabeba machoni pa raia doa la bunduki na vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri na maamuzi huleta vitabu na mitihani. Mapenzi hayaletwi na amri. Mwanafunzi wa Kampala ataanza kukipenda Kiswahili siku atakapoona kwamba kinaweza kubeba jambo analolipenda yeye mwenyewe.

Tunapendekeza, basi, mazoezi matatu. La kwanza ni la kusikiliza. Mwalimu achague rekodi moja ya studio na moja ya onyesho, za wimbo mmoja, wa mwimbaji yeyote. Wanafunzi waandike kwa Kiswahili kile kinachosikika katika ya pili ambacho hakimo katika ya kwanza: nani anaitikia, wapi mwimbaji anaongeza neno, wapi anaokolewa. Hapo istilahi za fanani, hadhira, kiitikio na utendaji zitakoma kuwa maneno ya kukariri.

La pili ni la tafsiri. Tuchukue jina la wimbo wa Lutaaya, neno moja tu la Kiingereza, tuwaulize wanafunzi wamtafutie Kiswahili chake. Peke yangu? Hilo lasema tu kwamba hakuna mwingine; mtu aweza kuwa peke yake na akafurahi. Mpweke? Hapo huzuni imeanza kuingia. Mkiwa? Neno hili lina uzito mwingine kabisa: ni aliyeachwa, aliyefiwa, asiye na wa kumwegemea. Ukiwa wa nyumba ni nyumba iliyobaki bila watu. Mwanafunzi anayebishana na mwenzake kama Lutaaya alikuwa mpweke au mkiwa amekwisha kuingia ndani ya lugha, na amekwisha kuingia ndani ya wimbo pia. Sisi tungechagua ukiwa kwa mwanzo wa wimbo, na kuuliza kama neno hilo bado linafaa mwishoni, baada ya watu kuitwa. Mwalimu asiseme jibu mapema.

La tatu ni la kuhifadhi. Katika nyumba nyingi za Kampala na vitongoji vyake mna makasha ya kanda zilizorekodiwa harusini, kanisani na kumbini, zisizo na jina wala tarehe. Kila mwaka utepe unazidi kushikana na ukungu. Wanafunzi wawaulize wazee wao: nani anaimba hapa, mwaka gani, mahali gani, na nani aliyeitikia? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa juu ya kanda yenyewe. Kanda isiyo na maelezo ni sauti iliyopoteza ukoo. Wafundishwe pia kwamba kuhifadhi si kuuza. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi na mwimbaji, na shabiki wa kweli hamnyang'anyi mkate kipenzi chake wala warithi wake.

Katika mazoezi haya yote mwalimu ajihadhari na jambo moja. Somo la Lutaaya lisigeuzwe mahubiri. Yeye mwenyewe alipokwenda mashuleni alikwenda na wimbo, wala hakuiacha sanaa ili aseme ukweli. Aliusema ukweli kwa sanaa. Mpango uliopewa jina lake, Philly Lutaaya Initiative, uliowapeleka mashuleni watu wanaoishi na virusi ili wasimulie maisha yao, ulifuata nyayo hizo: mtu mbele ya watu, akisema kwa mdomo wake, akitazamwa usoni. Ikiwa darasani mna mwanafunzi anayeishi na virusi, na mara nyingi yumo, asikie wimbo ukiitikiwa na wenzake. Asisikie wakionywa dhidi yake.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mapenzi ya rekodi za maonyesho yana msingi wake katika sanaa ya mdomo: mtu anaipenda rekodi hiyo kwa sababu anasikia ndani yake watu kama yeye wakiitikia. Tumeonyesha pia kwamba Kampala, iliyonyimwa wingi wa rekodi hizo, iliweza kuigeuza sahani ya studio kuwa onyesho la kila mwaka. Sifa hiyo tunaipa bila kinyongo. Tunachodai ni ukamilifu wake. Lutaaya aliimba nyimbo za furaha akaitikiwa, na bado anaitikiwa. Akaimba wimbo mwingine wa kuwaita watu wasimame pamoja, na huo, kwa sehemu kubwa, bado unangoja kiitikio. Walimu wa Kiswahili wana darasa, wana lugha, na wana vijana wenye sauti. Desemba ijayo, kabla shule hazijafungwa, na waanze kuuitikia.